Mabomba ya Tangi la Maziwa: Gesi Haiishi, Huvuja

Leo hatuzungumzii mbegu wala mbolea. Tunazungumzia mabomba mawili ya shaba yanayotoka kwenye tangi la kupozea maziwa, yakapita ukutani, yakaenda kwenye mashine iliyo nje.

Huenda ukasema, "Mabomba ni kazi ya fundi, mimi yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Maziwa yaliyomo tangini ni yako na ya jirani zako. Mkopo wa tangi ni wenu wanakikundi. Fundi akimaliza kazi hupanda pikipiki akaenda zake, nanyi mnabaki na tangi. Hakuna anayekutaka uwe fundi wa majokofu. Lakini mwenye mali ni lazima ajue kazi nzuri inafananaje, ili aikubali au aikatae kabla hajalipa.

Kwa nini maziwa hayangoji

Kahawa ni mvumilivu. Ukishaanika buni ikakauka vizuri, unaweza kuiweka ghalani ukingoje msimu wa kuuza. Maziwa hayana subira hiyo. Yakitoka kwenye chuchu yana joto karibu sawa na la mwili wa ng'ombe, kiasi cha nyuzi 38 za Sentigredi, na joto hilo ndilo vijidudu wanalolipenda. Katika maziwa ya vuguvugu, vijidudu wengine huongezeka maradufu kila nusu saa. Hebu piga hesabu mwenyewe: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, na ikifika saa ya tano wamekwisha kuwa zaidi ya elfu moja.

Maziwa ya asubuhi yanaweza kupata gari la kuyapeleka sokoni. Ya jioni ndiyo yenye taabu, maana yanalala. Na wakati wa mvua, majani yakiwa mengi na ng'ombe wakatoa maziwa mengi, ndipo barabara zetu za vijijini zinapokuwa mbaya na gari likachelewa. Basi tangi limewekwa kwa ajili ya saa hizo. Kazi yake ni kuyashusha maziwa hadi nyuzi 4 katika saa chache, na kuyaweka hapo hadi gari lifike. Kwenye nyuzi 4 vijidudu hawafi, ila huzubaa. Kwa hiyo tangi haliyasafishi maziwa machafu. Usafi wa mikono, kiwele na vyombo uko palepale.

Mabomba hufanya kazi gani?

Watu wengi husema tangi "linaingiza baridi". Ukweli ni kwamba linatoa joto. Chukua tangi la lita 500 lililojaa maziwa ya nyuzi 35. Ili kuyashusha hadi nyuzi 4, inabidi kuondoa joto linalotosha kuchemsha karibu pipa zima la lita 200 za maji. Joto lote hilo lazima lipite ndani ya yale mabomba mawili na kutupwa nje. Hakuna njia nyingine.

Linabebwaje? Unajua kwamba sufuria ya maji inayochemka hunyonya joto la moto. Gesi ya kupozea nayo huchemka, ila huchemka kwenye baridi. Ile iitwayo R134a, ukiiacha wazi usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kwa hiyo maziwa yenyewe kwake ni moto mkali. Gesi inafika kwenye tangi ikiwa maji maji, kwa njia ya bomba jembamba. Hapo inapita kwenye tundu dogo, inachemka chini ya sakafu ya tangi, na kulinyonya joto la maziwa. Kisha inarudi ikiwa mvuke, kwa njia ya bomba nene, hadi kwenye kompresa. Kompresa huishindilia, halafu feni hupuliza joto lake hewani. Gesi inageuka maji maji tena, na safari inaanza upya.

Angalia jambo moja katika maelezo haya. Gesi inazunguka. Haiunguzwi kama petroli wala hailiwi kama pumba.

Gesi haiishi

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Utamsikia fundi anasema, "Gesi imeisha, tununue nyingine tujaze." Kikundi kinachanga fedha, gesi inajazwa, tangi linapoza. Baada ya miezi mitatu wimbo ni uleule. Ndugu mkulima, gesi haiishi. Ikiwa imepungua, imevuja. Na ikiwa imevuja, kuna tundu au kiungo kilicholegea. Kujaza gesi bila kuliziba tundu ni kuteka maji kwa kibuyu kilichotoboka.

Tena hasara haiji siku moja. Gesi ikipungua kidogo, tangi halisimami, bali huchelewa kupoza. Maziwa yaliyokuwa yakipoa kwa saa tatu sasa yanachukua saa sita. Kompresa inazunguka usiku kucha na umeme unakwenda. Asubuhi maziwa yanapimwa, yanakataliwa, na kila mtu anamtazama jirani yake kwamba ndiye aliyetia maziwa yaliyochacha. Kumbe kosa liko kwenye nati moja ya bomba. Vikundi huvunjika kwa kushukiana namna hii. Kwa hiyo bomba lililofungwa vizuri linalinda hata ujirani.

Kuchagua njia ya mabomba

Kabla bomba halijakatwa, kaeni na fundi mkague jengo. Yapo mambo matano ya kuangalia.

Kwanza, njia iwe fupi na yenye kona chache. Kila mita na kila kona humpunguzia kompresa nguvu. Kona ikunjwe polepole kwa kifaa cha kukunjia. Bomba lililobonyea ni kama mrija uliokanyagwa.

Pili, mashine ya nje iwe kivulini, penye upepo, mbali na moshi wa jiko, na mbali na mahali panapokobolewa kahawa. Vumbi la maganda ya buni likijaa kwenye mapezi yake, joto halitoki.

Tatu, mabomba yasipite zizini wala karibu na shimo la mkojo wa ng'ombe. Ile harufu kali inayochoma macho ni amonia, nayo hushambulia shaba, na hasa nati za shaba nyeupe na njano, zikapata nyufa zisizoonekana kwa macho. Wafugaji wengi hawalijui hili.

Nne, bomba nene literemke kidogo kuelekea kwenye kompresa, kama sentimita 1 kwa kila mita 2. Sababu ni kwamba oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na ni lazima irudi nyumbani. Ikiwa mashine imewekwa juu kuliko tangi, fundi aweke kona ya umbo la U chini ya mpando, ili oili ikusanyike hapo na kusukumwa juu. Kompresa iliyokosa oili hufa, hata kama gesi imejaa.

Tano, bomba nene livikwe sponji nyeusi tangu tangini hadi kwenye mashine, bila kuacha wazi hata kiungo kimoja. Bomba hilo ni baridi. Likiwa uchi litanyonya joto la njiani na kutoa jasho litakalolowesha ukuta. Sponji ilindwe na jua, panya na mbuzi kwa kuipitisha ndani ya bomba la plastiki au kuifunika kwa bati.

Hapa nina neno kwa mafundi wetu wa mjini waliozoea viyoyozi vya ukutani, vile vya kwenye benki na maofisi. Katika viyoyozi vingi vya namna hiyo, tundu dogo la gesi liko kwenye mashine ya nje. Kwa hiyo mabomba yote mawili huwa baridi, na yote mawili huvikwa sponji. Kwenye tangi la maziwa, tundu hilo kwa kawaida liko karibu na tangi. Bomba jembamba hubeba maji maji ya vuguvugu, na la lazima kuvikwa ni lile nene. Mambo mengine yote tutakayoyataja leo ni mamoja kwa kiyoyozi na kwa tangi.

Kukata na kuunganisha

Bomba la shaba la kazi hii huja likiwa limezibwa ncha zote mbili. Lisikae wazi. Maji, vumbi au nyigu wakiingia, wataishia kwenye kompresa. Ukiona bomba limelazwa chini likiwa wazi na mvua inanyesha, sema.

Fundi akate kwa kikatio cha gurudumu, si kwa msumeno wa chuma. Msumeno huacha unga wa shaba ndani. Akishakata, akwangue ukingo wa ndani huku mdomo wa bomba umeelekea chini, ili makombo yaanguke nje.

Viungo ni vya namna mbili. Namna ya kwanza, mdomo wa bomba hutanuliwa kama tarumbeta na kubanwa kwa nati. Mdomo huo uwe laini, usiwe na ufa, na upakwe tone la oili. Nati ikazwe kwa spana mbili, moja ikishikilia na nyingine ikikaza. Ukikaza kwa spana moja unalinyonga bomba.

Namna ya pili ni kuchomelea kwa fimbo yenye madini ya fedha. Hiki ndicho kiungo kinachodumu zaidi, na kadiri mnavyoweza, viungo viwe vya namna hii. Lakini shaba ikipata moto mkali huku ndani kuna hewa, hufanya magamba meusi kama masizi ya sufuria. Magamba hayo baadaye hubanduka na kuziba tundu dogo la gesi. Dawa yake ni kupitisha naitrojeni kavu polepole ndani ya bomba wakati wa kuchomelea. Kwa hiyo fundi akija na mtungi wa kuchomelea bila mtungi wa naitrojeni, mwambie akaufuate kwanza.

Kujaribu kama panavuja

Viungo vikishapoa, mabomba hujazwa naitrojeni kavu hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kibao cha mashine. Tafadhali sikilizeni vizuri hapa: wasijaze oksijeni kamwe. Oksijeni ikikutana na oili chini ya shinikizo hulipuka, na mafundi wamekwisha kufa kwa ajili hiyo. Wasitumie gesi ya asetilini, nayo hulipuka ikishindiliwa. Wala wasitumie pampu ya matairi, maana huingiza unyevu.

Kila kiungo kipakwe povu la sabuni. Palipo na tundu povu hutoa mapovu mapya. Kisha mabomba yaachwe na naitrojeni yake kwa saa 24, na mwanakikundi mmoja aandike kipimo cha geji.

Hapo kuna jambo la huku kwetu milimani. Mchana kuna joto, alfajiri kuna baridi. Naitrojeni ikipoa hujikunja. Geji iliyosoma bar 20 saa nane mchana inaweza kusoma kama 19.3 alfajiri, ikiwa joto limeshuka nyuzi 10, wala pasiwe na tundu lolote. Usimgombeze fundi bure, naye asikudanganye kwamba kila mshuko ni baridi. Someni geji saa ileile, yaani saa nane leo na saa nane kesho. Ikiwa hali ya hewa ni ileile na sindano imeshuka, kuna mahali panavuja.

Kunyonya hewa na unyevu

Jaribio likifaulu, naitrojeni huachiwa, na pampu maalumu hufungwa ili kunyonya hewa yote iliyomo. Hatua hii mafundi wengi huiruka. Hufungua gesi kidogo "isukume hewa", basi wakasema imetosha. Haitoshi. Hewa ina unyevu, na unyevu ukichanganyika na gesi na oili hufanya asidi inayokula kompresa polepole. Tena maji huganda kwenye tundu dogo na kuliziba.

Pampu inautoaje unyevu? Mama anayepika maharage huku anaijua nusu ya jibu. Kwenye vilima vya mita 1,600 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama pwani, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva. Pampu huendeleza jambo hilohilo. Inapunguza hewa ndani ya bomba hadi maji yanachemka kwa joto la kawaida la chumba, yakageuka mvuke na kunyonywa nje.

Milima hiyohiyo ina mtego mwingine. Geji ya kawaida ya fundi, ikiwa pwani, husoma karibu inchi 30 chini ya sifuri bomba likiwa tupu kabisa. Huku, kwenye mita 1,600, haiwezi kupita inchi 25 hivi hata pampu ifanye kazi wiki nzima. Fundi aliyezoea Dar es Salaam atadhani panavuja, au atadhani pampu ni mbovu. Afadhali aje na geji ya elektroniki ya kupima utupu, inayohesabu kwa mikroni, na kushusha hadi 500 au chini yake. Kisha azime pampu, afunge valvu, mngoje. Kipimo kikipanda kidogo na kutulia, kuna unyevu, pampu iendelee. Kikipanda bila kusimama, kuna tundu, na kazi irudi kwenye povu la sabuni.

Gesi ya namna gani?

Gesi ijazwe kwa kupimwa kwenye mizani, si kwa kukisia, na iwe ileile iliyoandikwa kwenye kibao. Gesi hazibadilishani kama sukari ya dukani. Kila moja ina shinikizo lake na oili yake.

Mnapoulizia mashine, ulizeni pia gesi yake itapatikana kwa muda gani. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianza kuondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na R12 ya majokofu ya zamani ikaondoka. R22 nayo inaondolewa: nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo iliyokwisha kufungwa. Na Oktoba 2016, katika mji wa Kigali, hapo tu ng'ambo ya mto Kagera, mataifa yalikubaliana kupunguza na gesi nyingine zinazoongeza joto la dunia. R404A ni mojawapo. Kilo 1 yake ikivuja huongeza joto katika miaka 100 kama kilo 3,900 hivi za hewa ya ukaa. Nasi tunaotegemea mvua za vuli na masika hatuna sababu ya kuivujisha. Kwa hiyo mashine kuukuu ya R22 inayouzwa kwa bei ya kutupa si lazima iwe rahisi.

Kazi yako baada ya fundi kuondoka

Mara moja kwa mwezi, futa kila kiungo kwa kitambaa cheupe. Gesi inapotoka hutoka na oili, kwa hiyo alama ya mafuta yenye vumbi kwenye kiungo ni dalili ya kuvuja. Paka povu, uthibitishe, umwite fundi mapema. Andika kila siku saa ambayo maziwa yalianza kupozwa na saa yalipofika nyuzi 4. Muda ukianza kurefuka na lita ni zilezile, safisha kwanza mapezi ya mashine ya nje. Usipobadilika, kagua viungo. Daftari hilo litakwambia habari wiki nyingi kabla ya maziwa kuchacha.

Na gesi ikivuja kwa wingi chumbani, toeni watu, fungueni milango, zimeni moto wote. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini na kumnyima mtu pumzi, na nyingine zikipita kwenye moto hutoa sumu.

Kabla hamjalipa

Kwa kumalizia, ndugu mkulima, yaandikeni maswali haya kwenye mkataba na fundi, na malipo ya mwisho yangoje majibu yake:

1. Je, naitrojeni ilipitishwa bombani wakati wa kuchomelea?
2. Je, jaribio la naitrojeni limekaa saa 24, na geji imesomwa saa ileile?
3. Je, hewa imenyonywa kwa pampu, na utupu ukatulia pampu ilipozimwa?
4. Je, bomba nene limevikwa sponji lote, na linateremka kuelekea kompresa?
5. Je, gesi imepimwa kwa mizani, na aina na uzito wake vimeandikwa kwenye mashine?
6. Je, tangi limejaribiwa mbele yenu, kwa kipimajoto, hadi nyuzi 4?

Fundi mwenye cheti na mwenye kuijua kazi yake hatachukia maswali haya. Atafurahi kuwapata wateja wanaojua wanachokilipia. Akikasirika, basi amekwisha kuwajibu.

Waonyesheni wenzenu kikundini maswali haya, tangu Kayanga na Nyaishozi hadi Nkwenda na Murongo. Na siku mtu akisimama mkutanini kusema "gesi imeisha", mwulizeni kwa upole: imetokea wapi? Hadi mazungumzo yajayo, nawatakia ukamuaji mwema.